Kifaa cha kusikia cha nyuma ya sikio au cha ndani ya tundu la sikio: kipi kinamfaa mama?

Kitindamimba

Wanajukwaa, salamu. Naomba mawazo yenu kabla ya mwisho wa wiki ijayo, kwa kuwa muuzaji mmoja ameahidi kutuwekea bidhaa hadi siku hiyo tu. Mama yangu anasikia kwa shida, nasi watoto wake tumekubaliana kumnunulia kifaa cha kusikia. Tumebakiwa na machaguo mawili. La kwanza ni kifaa kinachokaa nyuma ya sikio, chenye waya mwembamba unaofikisha spika ndogo ndani ya tundu la sikio, nacho kinatumia betri za kubadilisha. La pili ni kifaa kidogo sana kinachozama ndani ya tundu lenyewe, kinachajiwa katika kikasha chake, na mtu akimtazama mama usoni hataweza kukiona. Mama anakitaka hicho cha pili kwa sababu hapendi watu wajue. Mimi naelekea cha kwanza, ila sina hoja ya kumshawishi. Kipi ni bora?

MwalimuMstaafu

Ndugu Kitindamimba, karibu. Swali lako haliwezi kujibiwa lilivyo, kwa maana umetueleza umbo la vifaa na hukutueleza lolote kuhusu masikio yenyewe. Mama ana umri gani? Alipimwa na nani, na odiogramu, yaani chati ya kipimo cha usikivu, inaonyesha nini katika kila sikio? Tatizo lilianza polepole au ghafla? Mnanunua kifaa kimoja au viwili? Vidole vyake vinaweza kushika vitu vidogo? Tena, muuzaji anayewawekea siku ya mwisho kabla hata hajaomba kuona kipimo, mimi humtilia shaka.

Chanda

Wakati tukisubiri majibu, nitasema wazi: chukueni cha kuchaji. Mimi nimetumia betri za kubadilisha kwa miaka na sitaki kuzirudia. Vibetri hivi vya zinki na hewa huanza kufanya kazi pale unapobandua kibandiko na hewa ikaingia, na kuanzia hapo havizuiliki. Hata ukirudisha kibandiko vinaendelea kuisha. Kibetri cha namba 10, chenye kibandiko cha njano, kina kipenyo kisichofika milimita 6, na kwa kawaida hakimalizi wiki moja. Hebu mwambie mzee mwenye maumivu ya viungo akibadilishe katikati ya mazungumzo. Cha kuchaji unakiweka kikashani usiku, asubuhi unakivaa, basi.

FundiRedio

Dada Chanda, umeeleza nusu ya habari. Betri ya lithiamu huchakaa, na baada ya miaka kadhaa haifiki jioni. Katika vifaa vingi mtumiaji hawezi kuitoa mwenyewe, kwa hiyo kifaa kizima hurudishwa kwa aliyekiuza, na mwenyewe hukaa bila kusikia mpaka kirudi. Vilevile umechagua kwa makusudi kibetri kidogo kuliko vyote. Vifaa vya nyuma ya sikio kwa kawaida hutumia namba 312, yenye kibandiko cha kahawia, au namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, ambayo ni nene na inashikika. Ukibandua kibandiko, uache dakika moja hivi hewa iingie kabla ya kufunga kijumba cha betri. Ninachokihofia mimi ni wajukuu tu, kwa sababu mtoto akimeza kibetri ni wa kukimbizwa hospitali papo hapo. Lakini vipo vifaa ambavyo kijumba chake hufungwa kisifunguliwe na mtoto.

Kitindamimba

Nashukuru, Mwalimu. Mama ana miaka 71. Alipimwa hospitali mwaka jana, na karatasi ninayo hapa. Sikio la kulia limeandikwa desibeli 30 kwenye hezi 500, 40 kwenye 1000, 50 kwenye 2000 na 65 kwenye 4000. Sikio la kushoto ni 40, 55, 65 na 80 kwa mpangilio huohuo. Tulikusudia kununua kifaa kimoja tu, cha kushoto, kwa kuwa ndilo bovu zaidi. Vidole vyake hukakamaa asubuhi. Tatizo lilianza lini, kwa kweli sijui. Yeye husema ni uzee.

MwalimuMstaafu

Sasa tuna jambo la kuzungumza. Desibeli zikiwa nyingi, usikivu ni mbovu zaidi. Ukichukua wastani wa masafa hayo manne, yaani hizo hezi nne, sikio la kulia linapata desibeli 46 na kidogo, na la kushoto 60 kamili. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 35 hadi chini ya 50 ni upungufu wa kati, na kuanzia 50 hadi chini ya 65 ni upungufu wa kati unaoelekea ukali. Hayo ni masikio mawili yanayohitaji msaada. Msizibe pengo upande mmoja tu.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko aina ya kifaa. Sikio la kushoto limezidiwa na la kulia kwa desibeli 15 katika masafa matatu yanayofuatana. Uzee kwa kawaida hudhoofisha masikio yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti kama hii inaweza kuwa na sababu nyepesi, kama nta iliyoganda au ugonjwa wa zamani wa sikio, na mara chache huwa ni uvimbe usio wa saratani kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Daktari wa masikio, pua na koo anapaswa kumwona kwanza. Je, aliwahi kumwona? Analalamika kizunguzungu, au mvumo katika sikio hilo pekee?

Chanda

Mwalimu, usimtishe mwenzetu. Siku hizi kuna njia nyepesi. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2022, mtu mzima anaruhusiwa kununua vifaa vya kusikia dukani bila kupimwa wala kuandikiwa na mtaalamu, na mwaka 2024 mamlaka yao ya dawa na chakula iliruhusu hata programu ya Apple inayozigeuza AirPods Pro 2, zile spika ndogo za masikioni, kuwa kifaa cha kusikia. Kwa nini mama asianze na kitu cha namna hiyo?

MwalimuMstaafu

Kwa sababu ruhusa hiyo uliyoitaja inawahusu watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Sikio la kushoto la mama huyu limeshavuka hapo.

MpimaUsikivu

Naomba niingilie, kwa kuwa kupima masikio na kuwavalisha watu vifaa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nakubaliana na Mwalimu kwamba daktari atangulie. Akishamruhusu, kipimo kirudiwe, kwa sababu karatasi ya mwaka jana haitoshi kuwekea kifaa cha leo.

Kuhusu umbo, usikivu wa mama katika sauti nzito bado si mbaya, hasa upande wa kulia. Kifaa kinachoziba tundu zima kitamfanya asikie sauti yake mwenyewe kama ya mtu anayesemea mtungini, na hilo ndilo lalamiko ninalolisikia sana kutoka kwa wanaong'ang'ania vifaa visivyoonekana. Kifaa cha nyuma ya sikio kinaweza kuvalishwa kofia laini ya mpira yenye matundu, sauti nzito zikaingia na kutoka zenyewe, na kifaa kikaongeza nguvu kwenye sauti nyembamba tu, ambako herufi kama s, f na t ndiko zinakopotelea. Upande wa kushoto, kwa desibeli 80, matundu yakiwa makubwa sauti itavuja, irudi kwenye maikrofoni, na kifaa kianze kupiga mluzi. Huko atahitaji kofia iliyoziba zaidi au kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake.

Kifaa kidogo mno kina upungufu mwingine ambao hauandikwi kwenye tangazo. Mara nyingi hakina nafasi ya maikrofoni mbili, na bila mbili hakiwezi kutofautisha vizuri sauti ya mbele na kelele za nyuma. Mama akiwa chumbani na mtu mmoja hataona tofauti. Akiwa kwenye mkusanyiko ataiona mara moja. Halafu spika yake hukaa ndani kabisa, penye joto, jasho na nta. Spika ya kifaa cha nyuma ya sikio nayo hupata nta, ila kichujio chake hubadilishwa nyumbani, na hata spika yenyewe hubadilishwa bila kupeleka kifaa kizima kwa fundi.

Muuzaji yeyote muulizeni kama atahakiki sauti ndani ya sikio lenyewe, kwa mrija mwembamba wa maikrofoni unaoingizwa kando ya kifaa. Programu ya mtengenezaji hukisia tu. Matundu ya masikio ya watu hayalingani urefu wala upana.

Subira

Nimesoma kimya hadi hapa, ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Marehemu baba yangu alinunuliwa vifaa viwili vizuri sana na kampuni moja yenye maduka mengi, ambayo sitaitaja. Vilikuwa vya nyuma ya sikio, vya kuchaji, na miezi ya mwanzo baba alirudi kuwa yule tuliyemjua: anabisha habari za redioni, anaingilia mazungumzo ya jikoni. Kisha tukahama. Usikivu wake ukapungua kidogo, kama inavyotarajiwa, akahitaji kuongezewa nguvu. Tukampeleka kwa mtaalamu aliyekuwa karibu, mtu mwenye vyombo vyote na heshima zake, akaunganisha vifaa na kompyuta yake, na kompyuta ikakataa. Alituonyesha kwenye kioo kwamba vifaa vile, ingawa vilitengenezwa na kiwanda ambacho yeye mwenyewe huuza bidhaa zake kila siku, vilikuwa vimefungwa kwa programu ya kampuni iliyotuuzia, na hakuna mwingine anayeweza kuvifungua.

Tukapiga simu kwa kampuni. Mhudumu akatuambia tuende kwenye duka lao lolote, wakati hawakuwa na duka huku tulikohamia. Tukaomba watufungulie ili mtaalamu mwingine amhudumie mzee, wakasema sera hairuhusu. Tukaomba warekebishe kwa njia ya intaneti, wakasema huduma hiyo haipo kwa toleo letu. Vifaa havikuwa na ubovu wowote, na hilo ndilo lililotuuma. Baba aliendelea kuvivaa kwa kiwango cha sauti cha zamani, akawa anaitikia kwa kichwa mambo ambayo hakuyasikia, mpaka tukajikusanya tena tukamnunulia vingine. Mkataba haukuwa na neno hata moja juu ya kufuli hilo. Kwa hiyo, ndugu Kitindamimba, kabla ya kuuliza nyuma au ndani, uliza kama kifaa kinaweza kurekebishwa na mtaalamu yeyote, na jibu upewe kwa maandishi.

FundiRedio

Pole sana, Subira. Hilo la kufuli ndilo linalonifanya niseme mtu anunue kwa mtaalamu wa kujitegemea. Phonak, Oticon, ReSound, Signia, Widex na Starkey wote wana vifaa ambavyo wataalamu wengi wana programu zake.

Chanda

Na wote hao wanatengeneza vya kuchaji. Nasema tu.

Kitindamimba

Nimeongea na mama. Hana kizunguzungu, ila amekiri kwamba sikio la kushoto huvuma usiku, jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Tutamwona daktari kwanza, hata muuzaji akiuza bidhaa yake kwa mwingine. Hata hivyo, mama bado anakitaka kisichoonekana, na habari ya maikrofoni mbili haikumgusa kabisa.

MpimaUsikivu

Usibishane naye. Omba avalishwe cha nyuma ya sikio kwa majaribio, akae nacho mahali penye watu wengi. Vya siku hizi ni vidogo, na waya wake hauonekani kirahisi chini ya nywele au kilemba. Mpeni wiki kadhaa, kwa sababu ubongo uliozoea ukimya huona kila mlio kuwa kero mwanzoni. Je, mama huweka simu kwenye sikio lipi?

Kitindamimba

La kulia. Ila sasa umenikumbusha: zamani alikuwa anaweka la kushoto. Alibadili ghafla wakati fulani, nasi tulidhani ni mazoea tu.

MwalimuMstaafu

Hilo mwambie daktari kabla ya jambo lingine lolote. Na jaribuni kukumbuka ilikuwa lini.

FundiRedio

Wakati huohuo, ulizeni kama kifaa kina telekoili, yaani koili ndogo inayonasa sauti kupitia sumaku. Mahali palipozungushiwa waya wa sumaku, kama ukumbi au nyumba ya ibada, sauti ya kipaza sauti humfikia msikilizaji moja kwa moja bila kelele za ukumbi. Vifaa vingi vidogo vya kuchaji vimeiondoa ili kubana nafasi.

Chanda

Telekoili ni ya jana, kaka. Sasa kuna Auracast, iliyotangazwa mwaka 2022, inayorusha sauti kwa Bluetooth kwa kila aliyepo ukumbini.

FundiRedio

Nitajie ukumbi mmoja uliowahi kuingia ukakuta Auracast inafanya kazi.

Chanda

Na wewe nitajie uliokuta waya wako wa sumaku umewashwa.