Implanti za jino moja: heksi ya nje imepitwa au tunaionea?

Wakuu salama, naleta hili maana juzi nimebishana na dokta mmoja mpaka chai ikapoa. Mimi fundi wa maabara, natengeneza mataji (jino bandia la juu) ya implanti, ile mizizi bandia ya chuma inayopandwa kwenye mfupa wa taya, na msimamo wangu gego moja ukiliweka juu ya heksi ya nje (kile kichwa cha pembe sita kinachochomoza juu ya implanti, taji linakaa juu yake na kubanwa kwa skrubu) unajitafutia kazi ya kukaza skrubu kila mara. Ile heksi ya asili ina kimo cha milimita 0.7 tu! Brånemark, daktari mwanzilishi wa implanti hizi kule Sweden, alianza na watu wasio na meno kabisa, implanti kadhaa zinafungwa kwa daraja moja zinabebana, sasa leo jino linasimama peke yake mzigo wote wa pembeni unaishia kwenye kaskrubu. Koni, yaani kiungo cha ndani chenye umbo la kabari kinachozama ndani ya implanti, ni kama shoka na mpini, ukigonga ndio inakaza.

– Fundi unavutia kwako. Hiyo shoka yako siku ukitaka kuitoa je? Halafu implanti nyembamba ya koni ina ukuta mwembamba huko juu, ikizidiwa inapasuka yenyewe humo mfupani. Skrubu ikilegea nakaza mgonjwa anaenda zake, implanti ikipasuka nachimba mfupa.

– Dokta hapo umenipata, ila skrubu iliyolegea mgonjwa akaendelea kutafunia mahindi ya kuchoma itakatika. Na tuseme ukweli, wangapi wanakaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) na wangapi kwa hisia za vidole?

– Mnaotuletea grafu za kampuni, kipimo cha ISO 14801 (kiwango cha kimataifa cha kupima uimara wa implanti) kinaegemeza implanti digrii 30, milimita 3 zimeachwa wazi kana kwamba mfupa umeshuka, mashine inagonga mpaka mara milioni 5, upande uleule mmoja. Mtu anayesaga meno usiku hasagi hivyo. Ulizeni kwanza walipima implanti ya kipenyo gani.

– Samahani mimi mgonjwa tu. Yangu niliwekewa India, ya ndani sijui koni sijui nini, imelegea, nimezunguka kliniki tatu hapa Dar bisibisi zao zote haziingii na kadi ya implanti (inayoonyesha ni ya aina gani) sikupewa. Mngeniwekea hiyo ya kizamani ambayo kila mtu ana vifaa vyake ningekuwa nakula. Sasa hivi natafunia upande mmoja wiki ya tatu, mwenye bisibisi aje inbox.