Chesesi ya gari la spoti la kujisukia imepinda milimita 14: nikate au ninyooshe?

Msuka_Chuma, Moshi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nachomelea mageti na madirisha, mwaka wa tisa huu. Marehemu baba aliniachia Toyota Corolla KE70. Bodi imeliwa na kutu, sakafu ya dereva unaona ardhi, lakini injini yake ya 4K inawaka bila shida, giaboksi nzima, difu (mhimili wa nyuma wenye gia za kuzungusha tairi) nzima. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshakuja mara tatu nikawakatalia. Mzee alilitunza sana gari hili, siwezi kuliona linapimwa kwa kilo. Nimeamua vyombo vyake viingie kwenye gari la spoti la viti viwili, mtindo wa Lotus Seven: pua ndefu, chini kabisa, dereva amekaa karibu na tairi za nyuma.

Nimeanza na fremu ya chini ya chesesi, yaani mifupa ya gari, kwa skwea paipu za milimita 25 kwa 25. Nilipima kona kwa kona, tofauti ilikuwa milimita 1. Nikachomelea upande wa kulia wote siku moja, kesho yake wa kushoto. Nilipoishusha mezani na kuilaza sakafuni, kona ya mbele kushoto imenyanyuka milimita 14. Nikiikanyaga, kona ya nyuma kulia inapanda. Geti likipinda hivi nalimaliza kwenye bawaba. Huku sina pa kujificha.

Naomba ushauri: nikate, au ninyooshe kwa jeki? Na je, nihamie bomba za unene wa milimita 3 ili isipinde tena?

Nondo_12

Mkuu, jeki weka pembeni. Utainyoosha leo, ukianza kuchomelea fremu ya juu inarudi kulekule. Kata.

Mzee wa Vipimo, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na mzee.

Nimesuka fremu za bodi za mabasi maisha yangu yote, na chesesi mbili za gari kama hilo lako. Ya kwanza ilipinda kuliko hiyo, kwa hiyo usikate tamaa.

Mshono wa moto ukipoa unajikunyata na kulivuta bomba upande wake. Ulipomaliza kulia kwote, kulia kukavuta kukiwa hakuna cha kukizuia. Kesho yake kushoto kukakuta mwenzake ameshakaa vibaya. Dawa ni kushikiza kwanza: kila kiungo nukta mbili ndogo, gari zima, fremu ya chini na ya juu na nguzo zake, bila kumaliza mshono hata mmoja. Ndipo unachomelea kwa kuruka, kipande cha sentimita mbili mbele kulia, kinachofuata nyuma kushoto, unaacha kipoe hadi ushike kwa mkono. Inachosha. Mimi ilinichukua wiki.

Kabla ya kukata, ipime meza. Pima maji fupi itakudanganya kwenye urefu huo. Chukua mpira wa maji kama wa waashi, ule unaoonyesha ndani, ujaze maji, pitia kona zote nne. Fremu ikifungwa kwenye meza iliyopinda hutoka na sura ya meza.

Sasa unene. Bomba la milimita 3 lina uzito karibu mara mbili ya lile la 1.5, na bado litapinda likikosa mshazari, yaani bomba la kukingama kona kwa kona. Wewe ni mtu wa mageti, unajua: geti la mita tatu lisilo na mshazari linalala, hata ulisuke kwa chuma gani. Kila chumba cha mraba kwenye chesesi yako kitie bomba la kona kwa kona, au kifunge kwa bati. Mahali pagumu ni chumba cha injini, kwa sababu juu lazima pawe wazi injini ishuke. Hapo tia mishazari ubavuni na chini, na juu weka bomba la kufunga kwa bolti, unalitoa siku ya kushusha injini. Handaki la propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, nalo usilichukulie kama kifuniko tu. Likisukwa kwa pembetatu ndilo uti wa mgongo.

Na bomba lenyewe lipime. Umeambiwa 1.5? Lipandishe kwenye mizani: urefu wa mita 6 wa 25 kwa 25 wenye unene wa 1.5 unakuja kama kilo 6 na nusu. Ukisoma kilo 5 na robo hivi, umeuziwa 1.2. Pia usitumie lililopakwa zinki, moshi wake unaumiza mapafu. Vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5 vitakutobolea kuta hizo; tafuta vya 2.0, anzia ampea 50. Na mshono ukishakaa usiusage kwa grainda uwe laini kama wa geti. Pale umebeba mtu.

Dada_Springi, Nairobi

Kaka, kabla hujashikiza fremu ya juu, toa difu uipime kutoka uso wa ngoma ya breki hadi uso wa ngoma ya pili. Upana wa nyuma wa gari unaamuliwa na difu yako. Michoro ya magari kama haya ya wenzetu Uingereza ilichorwa kwa difu zao.

Halafu shokapu za mbele za KE70 ni zile ndefu zinazosimama hadi juu ya matairi. Kwenye pua ya chini hazitoshei, zitachomoza juu ya boneti. Utalazimika kusuka mikono miwili ya kushikia tairi kila upande, wa juu na wa chini, na shokapu fupi yenye springi yake ilale kati. Kwa hiyo vishikio vya mikono hiyo, na vya mikanda ya viti, vitoke kwenye bati la milimita 3 linaloshika bomba mbili kwa pamoja. Usining'inize kishikio katikati ya bomba moja jembamba.

Msuka_Chuma, Moshi

Mzee wangu, dada yangu, asanteni sana. Nimeshinda gereji tangu Ijumaa.

Mpira wa maji umesema kweli: meza yangu ilikuwa imezama milimita 6 kona moja. Miaka tisa nasukia mageti juu yake. Mizani nayo imesoma kilo 5.3, na risiti yangu imeandikwa 1.5. Nimerudi dukani, nimebadilishiwa baada ya kulipandisha bomba kwenye mizani mbele yao.

Nimeanza upya na bomba mpya. Fremu ya chini imeshikizwa tu, na mishazari mitatu. Nimeilaza sakafuni: milimita 2. Kisha, kupima inavyojinyonga, nimefunga nyuma, mbele nimeegesha katikati juu ya nondo, nikatoa bomba ubavuni mita moja na kutundika mfuko wa saruji wa kilo 50. Kona ilishuka milimita 31. Mshazari wa nne ulipoingia, ikashuka 19, kwa mfuko uleule.

Mzee, ya chini peke yake bila fremu ya juu, 19 ni nyingi au niendelee?

Mzee wa Vipimo, Tanga

Endelea. Chini peke yake ni kama karatasi, nguvu itakuja nguzo na fremu ya juu zikikaa. Hiyo 19 iandike ukutani kwa chaki, ukishikiza ya juu tundika mfuko uleule uniletee namba.