Kaisugua rupia ya nyanya yangu kwa KIKOI!

Jamani, naandika mikono yatetemeka. Simtaji, mnamjua nyote, yule bingwa wa Mji wa Kale ajuaye kila sarafu tangu Nabii Nuhu ashuke safinani.

Nimempelekea rupia ya fedha ya 1888, ya ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, yenye mizani na neno MOMBASA. Imeiva weusi kando ya herufi, ukiielekeza juani yatoa zambarau na buluu. Nyanya aliifunga pembeni mwa leso, hakuigusa mtu. Nilitaka aniambie tu kama imewahi kuoshwa kwa dawa. Akaitazama kama samaki wa jana, AKATEMA MATE KIDOLENI, akaisugua kwa pindo la kikoi! Kikoi chenye mchanga wa pwani nzima na makombo ya mahamri! Kisha: "Hii imeoshwa. Mia tano."

Imeoshwa na nani, kama si wewe sasa hivi?

Ajuaye hushika ukingo, akaigeuza polepole chini ya taa moja. Sarafu yenye ngozi yake, yaani uso wake wa tangu ilipopigwa, mng'ao huzunguka nayo. Iliyochovywa kwenye asidi ngozi imelika, yametameta kote sawasawa kama sufuria mpya. Iliyosuguliwa ina mikwaruzo kama nywele, yote yaelekea upande mmoja. Yangu asubuhi haikuwa nayo. Sasa nimeitazama kwa kioo: kumi na saba, juu ya mizani!

Mate! Kwenye fedha ya 1888!

Mtoto wa Bondeni: Umezihesabu? Wewe huna kazi?

Mzee Ndururu: Nawe ulimpa mkononi ya nini? Mie nilimpelekea pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, ya 1299 Hijria, nyekundu kama kamba wa kuchemsha. Shaba ya zamani aghalabu haiwi hivyo ila imeoshwa, hata mtoto aona. Yeye kasema "safi kabisa", nikainunua!

Binti Kisauni: Ukwaju na majivu tu. Mamangu huoshea sinia, zang'aa ajabu.

Mwenye uzi: Ukwaju ni asidi!!! Ndivyo mnavyoziua! Na msinitoe kwenye mate. Alitema MATE.

Binti Kisauni: Lakini sinia zetu zang'aa.

Mama Likoni: Afadhali mate. Mie sonara kanisafishia mkufu, umerudi mwepesi kama uzi wa kushonea.

Mtoto wa Bondeni: Sonara yupi, yule wa ngazi za kijani?

Mama Likoni: Yuyo huyo!

Mzee Ndururu: Na pete ya mke wangu pia, laana ya Mungu.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, KIKOI. Pindo la kikoi, lenye mate.

Mtoto wa Bondeni: Mama Likoni, twende kwake kesho pamoja, ana mkufu wa dadangu tangu Ramadhani.

Mama Likoni: Kesho nikivuka. Nipo hapa ferini tangu adhuhuri, foleni haisogei.

Binti Kisauni: Foleni tena? Na leo jua lilivyo!