Uzao wa Mzee – Itezi

JUMANNE

20:14 Dada Tusa: Jamani habari za jioni. Shikamooni wakubwa. Nilichoandika Jumapili mkakaa kimya nakirudia. Mwenye nyumba wa Lusajo anataka kodi ya mwaka mzima la sivyo watoke mwisho wa mwezi. Kazini kwetu walikuja watu wa nyumba za watumishi kutueleza habari ya kununua kwa makato, nimesikiliza mwanzo mwisho, nina jambo. Kikao Jumamosi saa nne asubuhi kwangu Sae. Kila mtu aandike YUPO au HAYUPO. Sitaki vidole gumba.

20:31 Baba Mdogo Kyela: (Umesambazwa mara nyingi) Amka na baraka! Asubuhi hii Bwana akufungulie mlango ambao hakuna mwanadamu awezaye kuufunga 🌅🙏

20:33 Anyi Dodoma: 👍

20:33 Dada Tusa: Anyi!

20:35 Anyi Dodoma: Nipo kwa simu. Ila nyumba zipi hizo dada? Kama ni zile za Shirika la Nyumba, mradi wa Samia wa 2022, ni 5,000 nchi nzima. Nusu Dar. Asilimia 30 huku kwetu Dodoma. Hiyo 20 iliyobaki ndiyo mikoa mingine yote. Nyumba 1,000 gawanya kwa mikoa 24. Kila mkoa nyumba 41 na choo.

20:36 Lusajo: Mimi nichukue hicho choo

20:36 Lusajo: Kina maji lakini?

20:38 Mama Junior: Baba Junior sipendi hayo. Mtu kasimama mlangoni jana mbele ya watoto wewe unataka choo

20:39 Anyi Dodoma: 😂😂😂 Samahani shemeji

20:44 Dada Tusa: Chekeni. Jiji la Mbeya sensa ya 2022 ilikuta watu 541,603. Hizo 41 hata walimu wa Uyole peke yao haziwatoshi. Ndiyo maana SIZUNGUMZII kununua. Nazungumzia kiwanja cha Baba cha Itezi. Yule kijana aliyekuja kazini alisema mwenye kiwanja chenye hati anaweza kuchukua mkopo wa kujenga, si lazima anunue iliyokwisha. Sisi hati tunayo. Imekaa kwenye begi la Baba mpaka imenuka dawa ya nondo. Jina ni la Baba, na mirathi hatujafungua mpaka leo. Bila mirathi hakuna benki itakayotusikiliza. Tunatakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi za wote, tumtaje msimamizi, ndipo twende mahakamani. Mimi pango la ardhi nalipa kila mwaka na sijawahi kudai mtu senti.

20:45 Dada Tusa: Na jambo la pili. Hati ni ya miaka 33 kuanzia 1995. Pigeni hesabu wenyewe.

20:49 Anyi Dodoma: 2028.

20:49 Anyi Dodoma: Duh

20:50 Dada Tusa: Asante. Benki gani itakukopesha kwa miaka 20 kwenye hati inayoisha kesho kutwa? Lazima iombewe upya, na marehemu haombi.

20:58 Anyi Dodoma: Sawa, lakini na mkopo wenyewe mjue unavyokula. Chukua mfano milioni 40, riba asilimia 15, miaka 20. Ni kama 527,000 kila mwezi. Ukimaliza umelipa milioni 126. Lusajo mshahara wako unabeba?

21:03 Lusajo: Kaka mimi Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kabla sijauona. Kuna wa pikipiki. Mwajiri lazima aniachie theluthi moja ya mshahara, na mimi theluthi yangu nishaigusa kwa vidole vya miguu

21:04 Lusajo: Labda wanikopeshe sebule tu, vyumba nitaongeza nikistaafu

21:06 Dada Tusa: Hakuna aliyesema milioni 40 wala wewe peke yako. Vyumba viwili na jiko, tofali za kuchoma, tuanzie hapo. Mkopo mdogo, sote tunausaidia. Atupele yuko Mafinga kwenye mbao. Atu mbona unasoma hujibu? Tiki za bluu naziona.

21:40 Dada Tusa: Atupele?

22:51 Kaka Amba: Naona kiwanja cha Baba kinagawanywa kwenye simu.

22:52 Dada Tusa: Shikamoo kaka. Hakigawanywi. Ungesoma kuanzia juu.

22:54 Kaka Amba: Nimesoma. Nimetoka Tunduma sasa hivi nimekaa foleni ya malori siku mbili. Mimi ndiye mkubwa, nakuta kikao kimeshapangwa, saa imeshapangwa, msimamizi bila shaka naye keshapangwa. Sisaini.

22:55 Anyi Dodoma: Kaka pole na safari. Tuongee kesho

22:57 Dada Tusa: Mkubwa. Sawa mkubwa. Serikali ilipowauzia watumishi nyumba zake 2002, ile ya Forest tuliyozaliwamo Baba aliandikiwa barua. Alikuwa alipe kidogo kidogo. Ya kuanzia alikuwa nayo, bahasha ya kaki, juu ya kabati. Bahasha ikaenda wapi?

22:57 Lusajo: Dada...

22:58 Dada Tusa: Niache Lusajo. Ikaenda kwenye Hiace.

22:59 Anyi Dodoma: Aisee

23:01 Lusajo: Tukubaliane tu muziki wa ile Hiace ulikuwa hauna mpinzani Uyole mpaka Kiwira

23:02 Lusajo: Konda alikuwa ananipa lifti bure hadi shule

23:10 Kaka Amba: Alinipa kwa mkono wake, sikuiba. Na wewe Tusa ulipokwenda chuo cha uuguzi ada ilitoka wapi? Mihula minne. Uliwahi kuuliza? Ilitoka kwenye hiyo hiyo Hiace kabla haijafia Isongole. Lala salama.

23:11 Kaka Amba: Na begi la hati liko wapi kwa sasa, maana mimi nililiacha kwa Baba Mdogo.

23:52 Dada Tusa: Liko kwangu.

JUMATANO

05:40 Baba Mdogo Kyela: (Umesambazwa mara nyingi) Siku mpya, neema mpya 🌄

06:15 Mama Junior: Amina baba. Shikamoo

09:20 Baraka Tukuyu: Shikamooni. Shangazi ameshinda usiku akisikiliza nikimsomea. Amesema niandike anavyosema bila kupunguza. Sauti haiendi, mtandao hapa leo mbovu.

09:34 Baraka Tukuyu: "Wanangu, nimesikia Hiace, nimesikia Forest. Yameisha hayo, waliogombana wamelala wote. Sasa sikilizeni la Itezi. Baba yenu alinifuata huku mvua ikinyesha. Akasema dada, wanagawa viwanja, mshahara haujatoka, nikikosa safu hii sipati tena. Nikauza magunia saba ya viazi niliyokuwa nimeyaweka kwa mbegu. Mbegu, si ya kula. Mwaka ule sikupanda. Nikampa zote, hatukuandikiana, ndugu wa tumbo moja waandikiane nini. Akaniambia, ukizeeka chumba chako kitakuwa upande wa jua linapotoka, maana Mbeya baridi. Miaka yote nasikia Itezi, Itezi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia chumba changu kiko upande gani. Pesa sidai. Ila msisaini kitu mpaka nije nikanyage pale kwa miguu yangu."

09:35 Baraka Tukuyu: Amesema basi. Ndaga fijo, asanteni sana.

10:22 Baba Mdogo Kyela: Ni kweli. Magunia niliyabeba mimi.

12:47 Dada Tusa: Shikamoo Shangazi. Sikuwa najua. Nakuomba radhi.

12:50 Anyi Dodoma: Shikamoo Shangazi. Hata mimi sikujua.

13:05 Kaka Amba: Mimi nilijua.

13:05 Dada Tusa: Ulijua?

13:06 Dada Tusa: Tangu lini kaka?

13:30 Dada Tusa: Kaka Amba?

16:18 Kaka Amba: Nimemtumia Baraka nauli ya watu wawili. Ampandishe gari la asubuhi, akae mbele.

16:20 Lusajo: Gari gani kaka 🙈

16:20 Ujumbe huu umefutwa.

16:21 Anyi Dodoma: Nimeuona kabla hujafuta Lusajo 😂

16:41 Dada Tusa: Haya tusichelewe. Shangazi anakuja, vizuri. Jumamosi saa nne, tunaanzia Itezi akanyage, halafu kwangu chakula. Muhtasari nitauandika mimi, sahihi tutaziacha wazi mpaka aseme. Kaka uandikwe mwenyekiti wa kikao. Orodha hii kila mtu ajiongeze:
1. Tusa
2. Lusajo
3. Anyi (simu)
4.

16:55 Baraka Tukuyu: Shangazi anasema Jumamosi ni Sabato. Hasafiri.

16:58 Dada Tusa: Yesu wangu. Nimesahau kabisa. Jumapili basi.

17:02 Mama Junior: Wifi Jumapili mimi kwaya inazindua, nina solo

17:03 Lusajo: Mimi Jumapili nipo, Jumatatu ndiyo nasimamia mitihani

17:10 Anyi Dodoma: Jumapili mtandao wangu haueleweki. Ila piga tu nitasikia. Na muhtasari usiandike "tumekubaliana", andika "tumejadili". Mahakamani wanasoma kila neno, na tangazo likibandikwa mtu yeyote anaweza kuja na pingamizi.

17:12 Dada Tusa: Nani wa kupinga?

17:40 Kaka Amba: Jumapili nitakuja Itezi kumsalimia Shangazi. Habari ya kusaini tutaona hapo hapo. Begi lije na kila kitu kilichomo, pamoja na daftari la kijani.

17:41 Dada Tusa: Daftari lipi?

19:26 Atu Mafinga: Poleni nilikuwa shambani simu haina chaji. Mbao za kenchi naweza kutoa, mbili kwa nne na mbili kwa tatu. Usafiri sina. Jumapili sijui.

19:28 Lusajo: Dada Atu kenchi zimefika kabla ya msingi 😂

19:29 Dada Tusa: Asante Atu. Jiongeze kwenye orodha.

20:47 Mama Junior: Wifi huyu mzee amekuja tena. Yuko mlangoni. Nimwambie nini?

20:49 Dada Tusa: Mwambie mpaka Jumapili.

20:50 Mama Junior: Ndiyo niliyomwambia wiki iliyopita.

20:53 Dada Tusa: Nakutumia elfu hamsini sasa hivi. Mpe. Mwambie nyingine inakuja.

20:55 Mama Junior: Imeingia. Asante wifi

21:20 Mama Junior: Nimempa. Kahesabu, kaandika kwenye daftari lake, kaondoka. Hajasema kitu.