LODE, SEM, CIDOC CRM au schema.org: msamiati upi wa data unafaa kwa matukio ya historia?

mwanakumbukumbu: Wakuu, naandaa data unganifu (data zinazounganishwa mtandaoni ili kompyuta izisome) za vita vya Zanzibar vya 27 Agosti 1896. Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash, aliyetaka usultani, akashika kasri, Waingereza wakampa muda wa kuondoka uishe saa tatu asubuhi. Vyanzo vingine vinasema vita vilichukua dakika 38, vingine 45. Nilianza na schema.org, nikaweka muda mmoja, roho haijatulia. Mnashauri nini?

pwani_data: Schema.org iliwekwa kwa ajili ya injini za kutafuta. Inafaa tangazo la tamasha la Jumamosi. Jaribu LODE ya 2009: nini, wapi, lini, nani, basi. Haikulazimishi kutia tafsiri yako.

tripleti: Hapo LODE itamwangusha. Khalid na Admirali Rawson wa Waingereza wote watakuwa "wahusika" tu, na huwezi kujua nani alikuwa kasrini na nani alikuwa kwenye manowari. SEM, iliyotoka Vrije Universiteit ya Amsterdam, inampa kila mhusika nafasi yake katika tukio. Tena ina "kwa mujibu wa": kauli mbili zinazopingana zinakaa pamoja, kila moja na aliyeisema.

Lakini mkuu, kabla ya kuchagua, tazama ubishi wenyewe unatoka wapi. Wengine wanahesabu tangu amri ya kufyatua, saa 3:00. Wengine tangu mizinga ilipolia, saa 3:02. Na mwisho ni lini, bendera iliposhushwa saa 3:40 au dakika tano baadaye? Vunja tukio liwe matukio madogo, kila moja na URI yake (anwani ya kipekee ya kulitambulisha).

hifadhi_ya_kale: Mwenye makumbusho asidharau CIDOC CRM, ambayo ni kiwango cha ISO 21127. Ukitaka kuunganisha na vitu, mfano meli Glasgow iliyozamishwa siku ile, hakuna inayoifikia. Ila ni nzito, jipe wiki kadhaa za kuisoma.

Na hizo saa! Kwenye data andika 09:02, siyo 03:02. "Saa tatu na dakika mbili asubuhi" iwe lebo yenye alama ya lugha sw, yaani Kiswahili. Nimeshaona mapambazuko mengi ya uongo kwenye majedwali yetu.

mwanakumbukumbu: Nimevunja. 09:02 hadi 09:40 ni dakika 38, 09:00 hadi 09:45 ni 45. Zote mbili zinatoka kwenye hesabu bila mimi kuziandika! Naenda na SEM. Sasa natafuta URI ya kasri lenyewe kama lilivyokuwa kabla ya mizinga. Kuna aliyewahi kuitengeneza?