Kamera ya gama ya kukagua bomba la gesi: kwa nini fomu inauliza urani?

Shangani_Weld: Wakuu, kuna kamera ya gama inaletwa Mtwara kupiga picha maungio ya bomba upande wa Madimba. Chanzo ni iridiamu-192, kibali chake kinajulikana. Ila fomu inauliza urani, na cheti cha kiwandani kinataja kilo 15 za urani hafifu. Wakala wa forodha anashauri isitajwe, iandikwe "mashine ya eksirei", eti neno urani litakwamisha mzigo bandarini. Urani imefuata nini humo? Na kama ni kinga tu, inahusikaje na silaha?

FizikiaKusini: Ushauri huo msiufuate kabisa. Urani hafifu ni mabaki ya urutubishaji: U-235, ile aina ya urani inayotafutwa kwa nishati na silaha, imeshuka kutoka asilimia 0.711 ya asili hadi 0.2 au 0.3. Inawekwa kuzuia mionzi ya iridiamu isitoke, kwa sababu ya uzito wake: gramu 19 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati risasi ni 11.3. Ndiyo maana Sentinel 880, mojawapo ya kamera hizi, inabeba hadi kyuri 150 (kipimo cha nguvu ya chanzo) za iridiamu na bado haifiki kilo 25.

Kuhusu silaha: U-238, ambayo ndiyo karibu urani hafifu yote, ikimeza nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia inakuwa U-239, halafu neptuniamu-239, mwisho plutoniamu-239, ambayo hutengenezea mabomu. Kwa hiyo IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, inaihesabu kuwa malighafi ya nyuklia popote ilipo, hata ndani ya kamera. Kiasi kinachowashtua wakaguzi ni tani 20, yaani kamera zaidi ya 1,300 kama hiyo. Hakuna atakayewashuku. Lakini Tanzania ina makubaliano ya ukaguzi na IAEA pamoja na Itifaki ya Nyongeza (inayowapa wakaguzi taarifa na nafasi zaidi) tangu 2005, na kilo hizo zinatakiwa zionekane kwenye hesabu za nchi. Nafuu ipo: nchi ikiomba, hadi tani 20 za urani hafifu isiyozidi asilimia 0.5 ya U-235 husamehewa ukaguzi. Sasa utaombaje msamaha wa kitu ulichokificha? Nchi inayotarajia kuuza urani ya Namtumbo haiwezi kuanza na kilo 15 zisizojulikana ziliko.

Mikindani_HSE: Naongezea upande wa makaratasi. Ombeni kibali TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) kabla mzigo haujaondoka unakotoka, na kwenye fomu mtenganishe mistari miwili. Wa iridiamu: nguvu ya chanzo, tarehe ilipopimwa, namba ya chanzo. Wa urani: uzito, asilimia ya U-235, namba ya kamera yenyewe.

Namba ndizo huharibu kila kitu. Nusu-maisha ya iridiamu ni siku 74, hivyo chanzo hubadilishwa mara kwa mara huku kamera ikibaki palepale. Mkichanganya namba hizo, siku chanzo kikirudishwa kiwandani vitabu vitasema urani nayo imeondoka, kumbe iko stoo.

Iridiamu ya nguvu hiyo ni kundi la 2 la hatari katika makundi ya IAEA, kwa hiyo nchi inayoituma inatakiwa kuiarifu Tanzania angalau siku 7 kabla. Kamera ikisafiri na chanzo ndani huandikwa UN2916, namba ya kimataifa ya mizigo hatari. Bila chanzo ni UN2909, na mionzi kwenye uso wake isizidi maikrosiveti 5 kwa saa.

Shangani_Weld: Shukrani wakuu. Kazi ikiisha na chanzo kikarudishwa, kamera tupu inaweza kubaki hapa?

Mikindani_HSE: Inaweza, ikiwa ndani ya kibali, na stoo iwe na kufuli. Kila mwaka pitisheni pamba ndani ya ule mrija uliopinda, kwa sababu waya wa kusukuma chanzo huusugua hadi unatoboka na kufikia urani. Mionzi kwenye pamba ikifika bekereli 185 (kipimo cha mionzi) au zaidi, kamera iondolewe kazini hadi mrija ukaguliwe; ukiwa umetoboka, isitumike tena.

Msiiache ikafika kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa macho ni boksi zito tu, mtu ataona fedha. Akiikata kwa grainda, chembe za urani huwaka zenyewe, na vumbi lake likivutwa huumiza mapafu na figo. Kama haina kazi tena, irudisheni kwa mtengenezaji kwa kibali cha kusafirisha nje, kisha mpeleke TAEC hati ya mapokezi ili zile kilo 15 zifutwe kwenye hesabu.