Nataka kuacha kazi niungane na mteja wa bosi wangu. Sheria inasemaje?

Deklaranti_Dar: Wakuu, habari za jioni. Nipo kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tuna mteja mkubwa wa Kariakoo, anaingiza vipuri vya magari. Mizigo yake yote naishughulikia mimi, siku hizi hata ofisini hapigi, ananipigia mimi moja kwa moja. Anataka tufungue kampuni yetu: yeye mtaji, mimi utaalamu. Cheti cha EACFFPC, kile cha utaalamu wa forodha na uwakala wa mizigo Afrika Mashariki, ninacho. Tatizo mkataba wangu unasema nisifanye kazi na mteja yeyote wa kampuni kwa miezi 24 baada ya kuondoka. Bosi anaweza kunishitaki?

Kibao_Kata: Vipengele hivyo ni vya kutishia watu tu. Sepa mkuu, maisha ndiyo haya haya.

Sura_366: Usimsikilize huyo. Kipengele cha namna hiyo mahakama hukipima: mwajiri analinda maslahi gani halali, na muda na upana wake ni wa kiasi? Kwa deklaranti, yaani mtu wa kuandaa nyaraka za forodha, miezi 24 ni mingi, unaweza kuipinga. Ila kwa mteja uliyekuwa ukimhudumia wewe mwenyewe, bosi ana hoja. Halafu angalia maneno. Kama ungekatazwa "kushawishi" wateja, ungejitetea kwamba mteja ndiye aliyekufuata. Wewe umekatazwa kufanya kazi nao kabisa, kwa hiyo utetezi huo peke yake hautoshi.

Kinachowaponza wengi ni kuanza kabla ya kuondoka. Usiguse hata kontena moja la pembeni huku unakula mshahara wa bosi. Kusajili kampuni mapema nako, soma mkataba kwanza. Mingi inakataza kuwa mkurugenzi kwingine bila kibali, na taarifa za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mtu yeyote anaweza kuziomba.

Notisi iwe ya maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka zisipungue siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba ukitaja zaidi, fuata mkataba.

Binti_Ilala: Mimi naogopa huyo mteja kuliko bosi. "Yeye mtaji, mimi utaalamu" imeandikwa wapi? Hisa zako ngapi? Mkianza kama ubia wa kawaida bila kampuni, madeni ya biashara yanakufuata hadi nyumbani kwako. Na bila leseni ya uwakala wa forodha kutoka TRA hamtoi mzigo, sasa hapo katikati utakula nini? Halafu muulize kama bosi wako hamdai.

Deklaranti_Dar: Asante dada. Anadaiwa, invoisi mbili. Hisa hatujazungumza. Na grupu la WhatsApp la wateja liko kwenye simu yangu, nilifute?

Sura_366: Usifute kitu! Itaonekana unaficha ushahidi. Mkabidhi bosi uongozi wa grupu, orodhesha mafaili yote, asaini kupokea, ubaki na nakala ya hiyo orodha tu. Bei za wateja usijitumie kwenye barua pepe yako. Hizo invoisi mteja azilipe kabla hujaandika notisi, bosi asije akasema mlipanga kumkimbia na deni. Na huo mkataba mpelekee wakili ausome wote. Sisi hapa tumeona mstari mmoja.

Kibao_Kata: Haya nimekubali, asisepe. Ila miezi 24 ni uonevu.